Toba ya Ndolo wa Tarumbeta

Mzee Musyimi aliposimama kanisani kusema kwamba alimwona Ndolo kwa macho yake mawili akipiga tarumbeta katika klabu ya pombe huko Nairobi, waumini waliguna kwa huzuni, na hakutokea hata mmoja wa kumwuliza yeye Musyimi alikuwa akitafuta nini humo ndani. Hilo Ndolo hakuweza kulimeza, si siku ile wala miaka iliyofuata. Mtu anasimama mbele ya watu, anasema alimwona fulani, na shingo zote zinamgeukia aliyeonwa. Aliyeona anarudi kitini, anapangusa jasho kwa leso, anaitwa mtu mwaminifu.

Tena Musyimi hakuwa mpita njia. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Akishawauza mbuzi wake katika soko la Kiamaiko, kulekule Nairobi, alioga, akabadili shati, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, kisha akateremka ngazi za Klabu Pango na kukaa kiti kilekile cha karibu na bendi. Kutoka pale alimtuma mhudumu kwa mpiga tarumbeta na ombi lake: ile ya polepole, ile inayolia. Siku ya kumshtaki Ndolo alisema aliingia humo kwa kupotea njia. Haya, mtu anaweza kupotea. Lakini mtu hapotei kila Ijumaa, tena akapotelea kiti kimoja.

Basi Ndolo akatengwa. Kutengwa, kwa asiyeyajua makanisa ya huku Ukambani, si kufukuzwa. Afadhali ingekuwa kufukuzwa. Unaruhusiwa kuja, unaruhusiwa kuimba, na sadaka yako inapokelewa kwa mikono miwili, maana sadaka haitengwi. Ila unakaa benchi la nyuma kabisa, na meza ya Bwana ikiandaliwa, sinia linakupita kana kwamba pale ulipo hapana mtu. Ukitaka kurudi, mlango ni mmoja tu: usimame mbele ya waumini siku ya Jumapili, uitaje dhambi yako kwa jina lake, uikane, nao waseme amina.

Ndolo alikaa benchi lile miaka mingi. Kila alipokuja likizo kutoka Nairobi alikaa hapo, pamoja na wasichana waliopata mimba kabla ya harusi na wanaume walioongeza wake. Wasichana waliolewa wakarudi mbele. Wanaume walizeeka, wakatubu, wakarudi mbele. Ndolo akabaki, kwa sababu kila alipojiuliza ni dhambi gani hasa aitaje, hakupata jibu.

Na aliyemfundisha tarumbeta ni nani, kama si kanisa hilohilo? Pale kilimani, nje kidogo ya mji wa Mutomo, wamisionari waliacha tarumbeta tatu, tromboni moja na ngoma kubwa iliyotoboka upande. Ndolo alikuwa hata hajabalehe alipokabidhiwa moja, na kazi yake ikawa mazishi. Miaka ile ya ukame mazishi hayakukosekana. Bendi ilisimama kando ya kaburi ikapiga nyimbo za kitabuni, lakini Ndolo alikuwa akiwasikiliza akina mama. Mama wa Kikamba akilia msiba hafuati noti. Sauti inaanzia juu, inateremka kwa kuteleza, inakwama kidogo njiani, halafu inashuka tena. Ndolo akaanza kuiliza tarumbeta yake vivyo hivyo. Mwalimu wa bendi alimkemea kwamba nyimbo za Mungu hazipindwi, lakini wafiwa walimwomba arudie.

Alipofika Nairobi kutafuta kazi, tarumbeta akiwa amejinunulia yake, alielekezwa Klabu Pango. Lilikuwa pango kweli, chumba cha chini ya duka la vitambaa, dari lenyewe la kugusa kwa mkono. Mpiga saksafoni alikuwa Bishar, mtoto wa wachuuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Mwingi, kijana mrefu ambaye ndugu zake walidhani anasomea uhasibu. Bishar alimwambia apige chochote. Ndolo hakuwa na chochote ila mazishi, akapiga mazishi. Mpiga piano aliacha sigara yake ikajizimikia. Bishar akamwuliza ni nani aliyemfundisha muziki wa bluzi.

"Sijui hiyo ni nini," Ndolo alisema. "Sisi nyumbani hivi ndivyo tunazika watu."

Kazi akaipata papo hapo. Na ilikuwa kazi, jamani, hilo ndilo watu wa huku hawakutaka kulielewa. Walidhani mpiga muziki wa klabu hulala mchana na kulewa usiku. Ndolo alifanya mazoezi kila mchana mpaka midomo ikachubuka. Alijifunza kuziba mdomo wa tarumbeta kwa mpira ule wa kuzibulia sinki, akiufungua na kuufunga, chombo kikaongea kama mtu anayelalamika. Alijifunza kunyamaza, ambako ni kugumu kuliko kupiga: kumwachia mwenzako nafasi aseme neno lake, kisha umjibu. Alijifunza kwamba Bishar akiinua bega la kushoto anataka kumaliza, na mpiga ngoma akicheka ameshapotea. Pombe aliionja akaiacha mapema, maana midomo iliyolewa haishiki noti. Pango ikajulikana. Walikuja watu wa balozi, wakaja walimu wa chuo, wakaja madereva wa teksi waliosimama kwenye ngazi kwa kukosa viti. Wapo waliosema jazi ni ya wageni, na Mkamba wa Mutomo ameitolea wapi. Ndolo aliwajibu kwamba kulia si kwa wageni.

Kwa tarumbeta hiyo alijenga nyumba ya mawe kwao. Kwa tarumbeta hiyo mkewe Kalunde, ambaye hakukosa ibada hata wiki moja, alinunua vitambaa vya kushona sare za kwaya. Kwa tarumbeta hiyo Kanyiva, binti yao wa pekee, alisoma akawa mwalimu. Hakuna mzee wa kanisa aliyerudisha sare akisema zimetoka Pango.

Ugonjwa ule wa korona ulipofunga vilabu, Pango ilifungwa na haikufunguliwa tena. Leo ukiteremka zile ngazi utakuta televisheni ukutani na vijana wakibashiri mpira. Bishar alikwenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, akafungua hoteli ya chai na pilau kwa madereva wa malori. Ndolo akarudi nyumbani. Jioni, baada ya kula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, au kabla, alipanda kwenye jabali nyuma ya nyumba akapiga taratibu, huku mbuzi wakirudi zizini. Majirani walizoea. Wapo waliokuwa wakisimamisha pikipiki pale barabarani mpaka wimbo uishe.

Jumapili alirudi kwenye benchi lake la nyuma, na hapo ndipo damu ilipoanza kumchemka upya. Kwa maana kanisa alilolikuta silo lile la zamani. Pale mbele palikuwa na spika kubwa kama kabati. Palikuwa na ngoma za bendi, gitaa la besi, na mpiga kinanda aliyetoka Kitui mjini, kijana mwenye vidole vyepesi. Wakati wa sadaka kijana huyu alipiga ya polepole, ile inayolia, kwa kupanda na kuteremka kulekule, na watu wakafumba macho wakasema Roho ameshuka. Ndolo alisikiliza akatikisa kichwa. Kila kitu cha Pango kilikuwa kimeingizwa kanisani kwa mlango wa nyuma, kikavishwa suti, kikaketi mbele. Aliyebaki nje ni yeye tu.

Na hata hayo angeyavumilia. Lakini Kanyiva alichumbiwa na Nthiwa, mwalimu mwenzake kutoka mji wa Wote, kijana mpole wa familia ya kanisa, na harusi ikapangwa kufanyika pale kilimani. Kanyiva hakuomba mengi. Tangu akiwa msichana mdogo alikuwa akisema kwamba siku akiolewa, baba yake atampigia tarumbeta mlangoni, kisha ampe mkono, waingie pamoja.

Mchungaji Muindi, kijana aliyehamishiwa pale mwaka uliotangulia, alimwita Ndolo ofisini. Alizunguka mbuyu kwanza: mvua, mahindi, afya ya mama. Mwisho akasema lililokuwepo. Baba aliyetengwa haruhusiwi kumpeleka binti mbele ya madhabahu. Ndiyo taratibu. Kama hatarudi ushirikani, Kanyiva atapelekwa na mjomba wake. Sasa mjomba mwenyewe ni mlevi ambaye kijiji kizima kinamjua kwa kuimba akirudi kwake. Lakini huyo hulewea nyumbani kwa rafiki zake, hakupata kushtakiwa na mtu, kwa hiyo mbele ya kanisa ni msafi.

Ndolo alivuta kiti mbele mpaka kikalia. Akauliza kinachotakiwa ni nini. Mchungaji akamwita Musyimi, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Naam, yeye. Nyani haoni kundule. Musyimi aliingia na Biblia kwapani, akampa Ndolo mkono kwa upole wa mtu anayemtembelea mgonjwa.

Ndolo hakutaka vita. Alimfikiria binti yake. Alisema yuko tayari kusimama akiri kwamba alipiga muziki mahali penye pombe, na kwamba kama hilo lilimkwaza mtu yeyote anaomba radhi. Mchungaji Muindi alionekana kuridhika, tena alikuwa ameshainuka. Musyimi akamrudisha chini kwa kiganja.

"Hapana. Usituzungushe, Ndolo," alisema. "Pombe uliacha kitambo, kila mtu anajua. Shida ni hiyo tarumbeta. Hiyo ndiyo utaje, na hiyo ndiyo ukatae. Ukiacha mlango wazi, kesho utarudi."

"Tarumbeta mlinipa ninyi," Ndolo alisema.

"Tulikupa ya Bwana. Wewe ukaipeleka kwa shetani."

Mchungaji alisema ni maneno kidogo tu, dakika mbili, halafu mambo yaendelee. Huyo naye. Wapo watu ambao amani wanayoitafuta ni ile ya kutosumbuliwa wao, na kwa hiyo watamwomba aliyekanyagwa asiguse mguu wa aliyemkanyaga.

Ndolo alikwenda Kambu kumwona Bishar. Alipanda gari asubuhi akakaa hotelini kwake kutwa nzima, chai baada ya chai, akieleza. Bishar alisikiliza huku akigawa pilau. Alikiri kwamba kwao pia walimkasirikia walipojua hakuwa mhasibu; mama yake alilia, mjomba hakumsalimia tena mpaka akafa. Lakini hakuna aliyemwambia asimame msikitini aitukane saksafoni. Hata hivyo yeye aliona rafiki yake ajikaze. Binti ni mmoja. Maneno ni pumzi, yatoke yaende, moyoni abaki na lake.

Hapo ndipo Bishar alipomkosea Ndolo, ingawa alisema kwa mapenzi. Ndolo hakulelewa hivyo. Kwao, mtu mzima akisimama mbele ya watu akasema jambo, amelifunga. Wazee wa zamani walikuwa na viapo vya kumwua avunjaye neno, na wajukuu wao waliookoka wamebaki na kitu kimoja kutoka huko: hofu ya neno lililotamkwa hadharani. Akisema anaikana, ataikana. Hakujua kusema kwa mdomo na kuficha moyoni. Alirudi Mutomo akijua anachokwenda kukinunua na bei atakayolipa.

Kanyiva alipopata habari alimkataza. Alisema afadhali waende kwa mkuu wa wilaya wakaandikishe ndoa, wale wali nyumbani, basi. Ndolo akaona jinsi Kalunde alivyoikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja. Mama huyu alikuwa amekaa mbele peke yake miaka yote hiyo, mumewe nyuma kama mgeni. Ndolo akamwambia binti yake kwamba yeye ndiye baba, na harusi itakuwa kanisani.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Habari huenda mbio zikiwa za aibu ya mtu. Ndolo alipita katikati akiwa na koti lake la kijivu, lile alilokuwa akivaa Pango, kwa kuwa hakuwa na lingine la heshima. Alisimama mbele. Musyimi alikaa kiti cha wazee, mikono juu ya tumbo. Mchungaji alimpa kipaza sauti, na Ndolo, ambaye alikuwa amesimama mbele ya watu wa mataifa bila kutokwa na jasho, alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi Ndolo wa Mbaluka," alisema, "nilimkosea Mungu kwa kupiga tarumbeta. Naikana tarumbeta. Sitaipiga tena."

Amina ilitoka kwa nguvu, na ya Musyimi ilisikika juu ya zote. Akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakaja mmoja mmoja kumkumbatia. Na yule mpiga kinanda wa Kitui, akitaka kuipamba furaha, akaanza kupiga ya polepole, ile inayolia. Ndolo alisimama katikati ya mikono ya watu akisikia muziki wake mwenyewe ukimpongeza kwa kuuacha. Alitaka kucheka. Alitaka kumshika mtu kola. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitembea akaketi kando ya mkewe, na sinia la meza ya Bwana lilipopita akapewa mkate. Ulikuwa mkavu kama wa watu wengine.

Nyumbani aliifuta tarumbeta, akaitia mafuta, akaifunga ndani ya blanketi na kuiweka uvunguni. Jioni ile hakupanda jabalini. Wala iliyofuata. Majirani walipita wakauliza kama anaumwa. Kalunde, ambaye alikuwa ameomba miaka mingi mumewe arudi mbele, alianza kuamka alfajiri na kukaa kitandani. Siku moja alimwambia kwamba nyumba imekuwa na masikio yanayoingoja jioni. Ndolo alimwelewa.

Sasa sikiliza yaliyofuata, na kama una shinikizo la damu tafuta mahali pa kukaa.

Askofu mwenyewe aliamua kuja kuifungisha ndoa ile, kwa kuwa babake Nthiwa ni rafiki yake wa shule. Katika kupiga simu na kupanga, Askofu alimwambia Mchungaji Muindi kwamba amesikia babake bibi harusi ni mpiga tarumbeta hodari, na yeye Askofu tangu utotoni hakuna chombo anachokipenda kama hicho. Je, bibi harusi ataingia kwa tarumbeta? Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu na Musyimi alikuwa amekaa pale pale. Kabla mchungaji hajameza mate, Musyimi akajibu: ipo, baba Askofu, ipo kabisa.

Akaja kwa Ndolo na kilo mbili za sukari. Alikaa kwenye kochi, akasifu nyumba, akasema jinsi Askofu anavyoingoja tarumbeta. Ndolo akamkumbusha kwamba alitubu. Musyimi akacheka kwa sauti, akampiga begani, akasema Ndolo hajaacha mizaha yake ya Nairobi. Akaondoka akiamini wameelewana. Miaka yote ya kuwatubisha watu, haikumpitia hata siku moja kwamba kuna anayetubu kweli. Kwake yeye toba ilikuwa kama nauli: unalipa, unapanda, inasahaulika.

Jumamosi ikafika. Kanisa lilipambwa kwa vitambaa vyeupe na vya zambarau. Askofu aliketi mbele na joho lake, Nthiwa amesimama kwenye suti akijipepea kwa mkono. Bishar alikuwa amekuja kutoka Kambu na sufuria mbili za pilau, akakaa safu ya kati. Nje ya mlango mkubwa walisimama Ndolo na Kanyiva. Gauni lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na vumbi jekundu la Mutomo limeshapanda mpaka kwenye pindo. Ndolo alivaa koti lile la kijivu. Mikononi hakuwa na kitu.

Mchungaji Muindi alitoka mbio kwa mlango wa pembeni, Musyimi nyuma yake akihema.

"Mzee, tarumbeta iko wapi?" mchungaji aliuliza. "Askofu anangoja."

"Uvunguni," Ndolo alisema. "Nimeokoka."

Musyimi alisema huu si wakati wa mchezo, kuna pikipiki pale, mtu atatumwa mara moja. Ndolo akamtazama kwanza, kama anayempimia nguo. Kisha akamwambia mchungaji, polepole, ili asije akasema hakusikia.

"Mlinisimamisha pale mbele nikasema ni dhambi. Si mimi nilichagua maneno, ni ninyi. Nilitaka kusema ya klabu, mkakataa, mkasema niikane yenyewe. Sawa. Sasa ingieni msimame pale pale, mbele ya watu wale wale, mseme mlikosea. Mseme tarumbeta si dhambi. Nikisikia hivyo, nitaipiga mpaka Askofu achoke."

Mchungaji alimtazama Musyimi. Musyimi alitazama saa yake. Alisema hayo yote ni mazuri, yataongelewa baadaye kwenye kamati.

"Basi na tarumbeta itapigwa baadaye kwenye kamati," Ndolo alisema.

Mchungaji Muindi alikuwa na nafasi yake hapo, na nataka isemwe kwamba aliiona. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa machache, machache kuliko yale waliyomtungia Ndolo. Lakini kijana huyu alikuwa na kanisa la kuhifadhi, na mwenyekiti wa kamati amesimama kisogoni. Akafunga mdomo, akamgeukia bibi harusi kumwomba yeye amsihi baba yake. Ilikuwa kumshika mtu mahali anapoumia, na alijua.

Ndolo alihisi mkono wa binti yake ukikaza kwenye kiwiko chake. Hapo aliogopa. Kwa Musyimi angeweza kusimama hivyo mpaka jua lizame, lakini kama Kanyiva angesema "Baba, tafadhali," angepanda pikipiki mwenyewe akailete, akavunja neno lake mbele ya Mungu na watu, na asingepata tena mahali pa kuuweka uso wake. Alingoja. Kanyiva alikuwa ameitaka tarumbeta hiyo tangu hajajua kufunga viatu.

"Usipige, Baba," Kanyiva alisema. "Nipe mkono tuingie."

Waliingia kimya. Watu walisimama, wakageuka, wakangoja muziki uanze, na haukuanza. Mpiga kinanda alikuwa ameambiwa asiguse kitu mpaka tarumbeta imalize, kwa hiyo alikaa mikono mapajani, macho yamemtoka. Kilichosikika ni viatu kwenye saruji na gauni likiburuta. Mtoto alilia mahali fulani akanyamazishwa. Bishar aliinamisha kichwa. Kalunde, pale mbele, alikuwa ameanza kulia, na hakujifuta.

Walipofika mbele, Askofu alitabasamu akachukua kipaza sauti. Alisema ametoka mbali asubuhi na mapema akiahidiwa tarumbeta, na ameona wameingia kama wanaonyemelea kuku. Watu wakacheka kidogo. Je, mpigaji yuko wapi, ameugua?

Kicheko kilikatika. Mchungaji Muindi alikuwa akiangalia viatu vyake. Musyimi, aliyekuwa amesharudi kwenye kiti cha wazee, aligundua ghafla kwamba kurasa za Biblia yake zimekunjamana, akawa anazinyoosha. Ndipo Kanyiva akafunua shela mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akamjibu Askofu bila kipaza sauti, na kanisa zima likasikia.

"Mpigaji ni baba yangu, baba Askofu. Hapa hapa aliambiwa ni dhambi, akaikana ili aruhusiwe kunishika mkono. Na watu wakasema amina."

Askofu alishusha kipaza sauti. Aliwatazama wazee mmoja baada ya mwingine, muda mrefu, na katika safu ile nzima hakuna uso ulioinuka kukutana na wake. Hakuuliza swali lingine. Alifungua kitabu cha ibada, akatafuta ukurasa kwa kidole, na aliposoma sauti yake haikuwa ile ya mizaha.

"Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe?"

Kitabuni jibu ni neno moja tu, mimi, na kila baba hulisema haraka akaketi. Ndolo hakulisema haraka. Alijinyoosha ndani ya koti lake la Pango, akawageukia waumini badala ya Askofu, akawatazama kuanzia kiti cha wazee mpaka benchi la nyuma.

"Mimi," alisema. "Ndolo wa Mbaluka, mpiga tarumbeta."

Akauweka mkono wa binti yake katika mkono wa Nthiwa, akaenda kuketi kando ya mkewe. Hakungoja mtu aseme amina.